SIRI YA MTUNGI MUULIZE KATA
Nani alimuua Charles Bravo?

Msomaji mpenzi, nianze kwa kukiri. Mwaka juzi niliandika hadithi ya upelelezi, kurasa 140 kwa mkono. Niliwasomea wenzangu wa kikundi chetu cha waandishi chipukizi, tunaokutana Jumamosi mchana chini ya mwembe nyuma ya duka la fundi cherehani. Nilipofika mwisho jamaa mmoja aliruka: "Sasa muuaji ni nani, bwana?" Nikamjibu kwamba hajulikani. Walinicheka hadi fundi akatoka nje kuuliza kuna nini. Hadithi gani ya mauaji isiyo na muuaji?

Wana haki yao. Sisi tumelelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake mdomoni. Tumekua na Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa. Hao wakiingia kazini mwovu lazima aumbuke. Ukifunga kitabu unalala usingizi mzuri, dunia imerudi mahali pake.

Lakini dunia hairudi mahali pake kila mara. Kwa wauza vitabu vya mitumba nilikutana na kisa cha kweli cha mtu aliyelishwa sumu ndani ya nyumba yake, akakaa siku tatu akifa taratibu huku kazungukwa na madaktari, na mpaka leo hakuna anayeweza kusema kwa hakika nani alimpa. Kisa chenyewe kilitokea Uingereza mwaka 1876, enzi za Malkia Victoria. Nimekisoma na kukirudia. Nataka nikusimulie, halafu nikuambie mama yangu alisema nini aliposikia, maana yeye alinionyesha jambo ambalo mawakili wakubwa wa London walilipita.

MKE MWENYE MALI

Tuanze na Florence Campbell. Alizaliwa mwaka 1845, binti wa tajiri. Mwaka 1864, akiwa na miaka 19 tu, aliolewa na Kapteni Alexander Ricardo, ofisa wa jeshi, kijana mtanashati. Kumbe kijana mwenyewe ni mlevi wa kupindukia. Ndoa ikageuka mateso. Florence akapelekwa kupumzika Malvern, mji uliosifika kwa tiba ya maji baridi: mgonjwa anaviringishwa shuka zilizolowa, anaogeshwa maji ya mlimani, ananyweshwa glasi kwa glasi. Bingwa wa tiba hiyo alikuwa Dakta James Manby Gully. Charles Darwin alipata kutibiwa naye, na mshairi Tennyson pia.

Mwaka 1871 Kapteni Ricardo alifia Ujerumani, pombe ikiwa imemmaliza. Mjane wa miaka 25 akaachiwa kiasi cha pauni 40,000. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa mali ya kumfanya mtu asifanye kazi mpaka kaburini.

Sasa sikiliza. Florence na Dakta Gully wakawa wapenzi. Daktari alikuwa mtu mzima, kamzidi bibi huyo miaka 37, na alikuwa na mke ambaye walikwisha tengana siku nyingi. Mwaka 1873 walisafiri pamoja Ujerumani. Waliporudi Florence akaugua, mimba ikatoka mikononi mwa huyo huyo daktari. Wazazi wake walimtenga na majirani wakaacha kumwalika. Aliyebaki naye ni mwanamke mmoja mjane, Jane Cannon Cox, aliyemwajiri awe mwandani wake: kula naye, kukaa naye, kumsimamizia nyumba. Bi. Cox alikuwa na watoto watatu wa kiume wa kusomesha. Mshahara ule ndio uliokuwa shamba lake na duka lake.

Nyumba yenyewe iliitwa The Priory, huko Balham, kusini mwa London. Ni jumba lililojengwa mfano wa ngome ndogo, na bustani ya karibu ekari 10, farasi, na watumishi zaidi ya kumi. Dakta Gully akapanga nyumba mwendo wa dakika chache tu kutoka hapo.

Florence alichoka kutengwa. Akatokea Charles Bravo, wakili kijana wa umri wake, mtoto wa kambo wa mfanyabiashara tajiri. Kabla ya kuoana walifanya jambo la kiungwana: kila mmoja alimwambia mwenziwe ya nyuma. Florence akamtaja Gully. Charles akakiri kwamba alikuwa na hawara kwa miaka kadhaa, na mtoto kazaa naye. Wakasameheana, au walisema wamesameheana. Likumbuke hilo, msomaji, tutalirudia.

Ugomvi wa kwanza ulihusu mali. Sheria ya Kiingereza ya siku zile ilimpa mume mali ya mkewe, ila kama familia imeandika mkataba wa kumlinda mwanamke. Sheria ya kumruhusu mke amiliki chake mwenyewe ilikuja mwaka 1882. Florence alitaka abaki na fedha zake na vyombo vya nyumba. Charles alikataa katakata; inasimuliwa alisema hawezi kukalia kiti ambacho si chake. Florence akamwendea Dakta Gully kuomba ushauri, naye akamwambia amwachie vyombo, yaishe. Wakaoana tarehe 7 Desemba 1875.

Ndoa hiyo ilidumu miezi minne na nusu.

JUMANNE USIKU

Charles alipoingia The Priory alianza kubana matumizi ya fedha ambazo hakuzitafuta yeye. Farasi ni wengi, wapunguzwe. Watunza bustani ni wengi, wapunguzwe. Na huyu Bi. Cox ana kazi gani? Alipiga hesabu akaona mwanamke yule anamgharimu mamia ya pauni kwa mwaka. Bi. Cox akajua siku zake zinahesabika.

Florence naye alishika mimba, ikaharibika mwezi Januari 1876. Akashika nyingine, ikaharibika mwanzoni mwa Aprili. Mbili ndani ya miezi minne! Alikuwa dhaifu, akawa analala chumba kimoja na Bi. Cox, na mumewe analala chumba cha jirani. Na alikuwa anakunywa mvinyo sana.

Jumanne, tarehe 18 Aprili 1876, mtu na mkewe walikwenda mjini kwa gari la farasi. Charles akaoga hamamu ya Kituruki, akala chakula cha mchana, akarudi. Jioni akapanda farasi, farasi akatimka naye mbio maili kadhaa. Alirudi nyumbani kapauka, mwili mzima unamuuma. Bi. Cox alikuwa ameshinda safarini huko Worthing, akitafuta nyumba ya pwani ili Florence akapumzike. Walikula chakula cha usiku watatu: samaki, nyama ya kondoo, mayai juu ya mkate. Charles alikunywa mvinyo wake mwekundu wa Burgundy. Wanawake wawili walikunywa mvinyo wao mwingine, karibu chupa mbili wakazimaliza.

Florence alipanda mapema kulala. Charles akamfuata, akamsema kwa kunywa kwake, kisha akaingia chumbani kwake. Kando ya kitanda palikuwa na jagi la maji. Alikuwa na desturi ya kunywa maji kabla ya kulala.

Haukupita muda mrefu mlango ukafunguliwa kwa nguvu: "Florence! Florence! Maji ya moto!"

Aliyesikia ni Mary Ann Keeber, mtumishi wa ndani, aliyekuwa karibu na ngazi. Aliingia chumba cha mama mwenye nyumba. Akamkuta Florence kalala fofofo, na Bi. Cox kakaa kando ya kitanda, macho makavu kabisa. Sauti iliyosikika hadi kwenye ngazi yeye hakuisikia? Ilibidi mtumishi amwambie ndipo akainuka.

Charles alikutwa dirishani akitapika nje. Halafu akaanguka, akazimia. Bi. Cox akaagiza haradali na maji ya moto, akatuma aitwe daktari anayekaa Streatham, mbali, wakati Balham penyewe palikuwa na daktari. Florence alipoamshwa alilia, na ni yeye aliyetuma mtu mbio kumwita yule wa karibu.

Madaktari wakaja mmoja baada ya mwingine; mwishowe akaitwa hata Sir William Gull, ambaye sifa yake ilikuwa kumtibu mrithi wa kiti cha enzi. Charles alizinduka. Wakamwuliza: umekunywa nini? Akajibu kwamba alipaka laudanamu, dawa ya kasumba, kwenye ufizi uliokuwa unamuuma, basi. Wakamwambia hiyo haiwezi kukufanya hivi. Akaapa kwamba hakuna kingine. Gull alimwambia waziwazi kwamba anakufa. Jibu likabaki lile lile. Aliandika wosia akamwachia mkewe kila kitu, na aliwaomba wazazi wake wamtendee wema. Alfajiri ya tarehe 21 Aprili akakata roho. Alikuwa na miaka 30.

Sir William Gull alikuwa amefanya jambo moja la maana. Aliagiza yachukuliwe matapishi yaliyobaki juu ya paa chini ya dirisha. Profesa Redwood alipoyapima pamoja na viungo vya marehemu, alikuta chumvi ya antimoni. Ni dawa ya kutapisha iliyotumika sana kwa farasi. Huyeyuka ndani ya maji, na maji yanabaki meupe yale yale, wala ulimi haushtuki.

UCHUNGUZI ULIOPOTEA NJIA

Uchunguzi wa kwanza wa kifo ulifanyika kimya kimya, mle mle The Priory. Watu wa heshima wasisumbuliwe! Uamuzi: amekufa kwa sumu, haijulikani imefikaje. Magazeti yakawaka moto. Mahakama ya juu ikautupa uchunguzi ule, ukaamriwa mwingine.

Wa pili ulianza tarehe 11 Julai 1876 kwenye hoteli ya Bedford, jirani tu na pale. Jopo la raia, wanaume watupu, walipelekwa kwanza makaburini Norwood wautazame mwili uliokwisha zikwa karibu miezi mitatu. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikuwepo. Baba wa kambo wa marehemu alimleta George Lewis, wakili aliyeogopwa London nzima. Florence alikuwa na wakili wake, Gully na wake. Nje watu walijaa wakisukumana kama kwenye lango la uwanja siku ya mechi ya Simba na Yanga.

Bi. Cox alisimama akasema kwamba usiku ule Charles alimwambia ametumia sumu, asimwambie Florence. Safari hii akaongeza kwamba alisema ni kwa ajili ya Gully. Hakuna mwingine aliyesikia maneno hayo. Na mtu aliyetaka kujiua, kisha akajuta na kuita maji ya moto, kwa nini awafiche madaktari sumu aliyokunywa hata baada ya kuambiwa anakufa?

Aliitwa George Griffiths, dereva wa gari la farasi aliyefukuzwa kazi The Priory. Huyu alikiri kwamba alikuwa akiweka antimoni nyingi kwa ajili ya farasi. Tena kabla ya harusi, akiwa na hasira ya kufukuzwa, alitabiri mbele za watu kwamba Bravo hatafika miezi mingi. Lakini usiku wa tukio alikuwa Kent, mbali. Alidai dawa iliyobaki aliimwaga alipoondoka. Labda aliimwaga. Labda ilibaki kwenye rafu ya zizi, yeyote wa nyumba ile aichukue.

Kisha ikafika zamu ya Florence. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Walimwuliza kuhusu Gully. Lini mlianza? Mlisafiri wapi? Mlilala wapi? Barua hii maana yake nini? Ulikuwa na ugonjwa gani mwaka 1873? Siku tatu. Alilia, akakataa kuendelea kujibu, akawaomba mchunguzi na wajumbe wamlinde kama wanaume. Wasikilizaji wengine walizomea maswali, wengine walinyoosha shingo wasikose neno. Magazeti yaliandika kila kitu. Dakta Gully naye akabanwa hivyo hivyo, mzee mwenye miaka 68, mbele ya umati.

Je, umesahau kwamba Charles naye alikuwa na hawara na mtoto? Hilo lilitajwa, likapita. Kosa ni lile lile, ila la mwanamume lilipimwa kwa mizani nyingine.

Tarehe 11 Agosti jopo likatoa uamuzi: Charles Bravo hakujiua, wala hakufa kwa bahati mbaya, ameuawa makusudi kwa sumu, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kumtia yeyote hatiani. Hakushtakiwa mtu.

MAMA NA JAGI

Sasa nije kwa mama yangu. Mama amefanya kazi za ndani miaka 22, kwenye nyumba za wenye nazo. Amelea watoto wa watu, ameosha vyombo vya watu. Nilimsimulia kisa hiki jioni moja anachambua mchele. Nilipofika kwenye Gully na safari ya Ujerumani niliongeza chumvi, maana hapo ndipo patamu. Mama hakuinua kichwa. Nilipomaliza akauliza:

"Na lile jagi liliosha nani?"

"Jagi gani, mama?"

"La maji, si umesema lilikuwa kando ya kitanda? Asubuhi yake nani alilitoa, akamwaga maji, akaliosha? Na usiku nani alilijaza? Mwanangu, katika nyumba ile mwenye kujua ni huyo. Hawa wengine wanajua mambo ya kitandani tu."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimesoma kisa chote mara tatu na swali hilo halikunijia.

Nikarudi kwenye kitabu. Wiki nne za uchunguzi wa pili, mawakili ghali kuliko wote nchini, na vyombo vya usiku ule havikuwahi kuwa ushahidi wa kumfunga mtu. Upekuzi wa kweli wa polisi ulianza baada ya wiki kadhaa. Jagi gani linasubiri wiki kadhaa bila kuoshwa katika nyumba yenye watumishi zaidi ya kumi? Chupa ya Burgundy ilikwisha ondoka mezani. Watumishi waliitwa, ndiyo, na Mary Ann Keeber alitoa ushahidi wake vizuri. Lakini muda mwingi na moto mwingi ulikwenda kwenye mapenzi ya mjane na daktari wake, kana kwamba mwanamke akithibitika mzinzi basi amethibitika muuaji. Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Wao walimwuliza jirani.

Nani basi? Wapo wanaosema Bi. Cox, kwa hofu ya watoto wake kukosa ada. Wapo wanaosema Florence, aliyechoka kushika mimba za kuharibika, akataka mumewe augue asimsogelee, kipimo kikazidi. Wapo wanaosema wote wawili. Agatha Christie mwenyewe, malkia wa hadithi za upelelezi, alimshuku daktari. Wengine wanasema Charles alikuwa na sumu yake mwenyewe akakosea chupa. Mimi namtilia shaka yule aliyekaa kitandani macho makavu asisikie yowe. Lakini shaka si ushahidi, na ningekuwa kwenye jopo lile nisingeweza kumnyonga mtu kwa hilo.

Ninalojua ni walichovuna. Florence alihama, akabadili jina, akanywa mpaka akafa tarehe 17 Septemba 1878, akiwa na miaka 33. Dakta Gully alifutwa kwenye vyama vya wenzake wa kazi, akafa mwaka 1883 akiwa mtu wa aibu. Bi. Cox alipotea machoni pa watu. Hakuna aliyehukumiwa, lakini hukumu ilipita, na uliyemwangukia kwanza ni yule aliyekuwa na habari tamu za kusomwa.

The Priory ipo mpaka leo, imegawanywa nyumba za kupangisha. Watu wanapika, wanalala, wanaweka maji kando ya kitanda.

Ndugu yangu mwandishi chipukizi, sikuambii uandike hadithi zisizo na mwisho. Nakuambia uangalie unapotazama. Nilipofungua tena ile hadithi yangu ya kurasa 140 niliona aibu. Kurasa 30 nzima nilimweleza marehemu na wanawake zake, nguo zao, manukato yao. Mfanyakazi wa ndani nilimpa mistari miwili: alifungua mlango, akaleta chai. Sikumpa hata jina.

Sasa nimempa. Naandika upya tangu ukurasa wa kwanza, na safari hii tunaanza naye jikoni, alfajiri, akiosha vyombo vya jana. Jumamosi nitawasomea tena wenzangu chini ya mwembe. Muuaji bado simjui. Pengine yeye atanitajia.